Stashahada Iliyokaa Jikoni kwa Mama Bukuru

Vuteni viti, vijana wangu, na hasa nyinyi mabinti mliopata kazi na mtoto katika mwaka mmoja. Mimi nimestaafu. Nimepima njia za maji Kasulu na Kibondo mpaka gambuti za serikali zimeniishia miguuni jozi tisa, na hakuna mteremko katika wilaya hizo mbili ambao magoti yangu hayaujui. Kama yupo anayebisha, aje nyumbani kwangu Nyakitonto, anioneshe ungio moja nililolifunga mimi likavuja. Atakula chakula cha mchana kisha atarudi kwao.

Sikupanga kuandika. Simu ndiyo iliyonikalisha hapa. Binti yangu wa kwanza, Jeneroza, anafanya kazi ya kupima ardhi huko Buhigwe, na ana mtoto wa miezi mitano. Wiki iliyopita alinipigia mchana, sauti yake imelala kama shuka lililoangushwa na mvua.

"Mama, leo kwenye kikao nilikuwa na jibu. Nikanyamaza."

Nikamuuliza kulikoni.

"Mtoto alikuwa analia, nikakaa kule mlangoni. Halafu nikaona, aa, acha tu, nisije nikaonekana kimbelembele."

Mimi ni mtu wa maneno mengi, nanyi mtaliona hilo kabla hatujafika mbali, lakini siku hiyo niliuliza tu kama mtoto ameshalala. Mahali hapo pa mlangoni napajua. Nilipakalia mimi, na mtoto aliyekuwa analia siku ile alikuwa huyohuyo Jeneroza. Kwa sababu ya kimya changu, kitongoji kizima kiliteka maji bondeni miaka kumi na sita. Nilimwambia nitamjibu kwa maandishi, kwa kuwa kwenye simu ningeanza kujitetea.

*

Kwanza mnijue. Nilizaliwa hapa Nyakitonto, nyumba ya tatu kutoka mtoni, na ndoo yangu ya kwanza niliibeba kabla sijaanza shule. Nilipomaliza sekondari nilikwenda Dar es Salaam kwa shangazi. Shangazi alinipa godoro na karai, basi. Kwa karai hilo nilikaanga maandazi kila alfajiri, nikayauza, nikaingia darasani chuo cha maji nikinuka mafuta. Sikulipiwa na mjomba wala mbunge. Nilipata stashahada ya ufundi wa maji, nikaitengenezea fremu ya kioo kabla sijajinunulia viatu. Wenzangu walibaki mjini. Mimi nilipanda treni nikarudi Kigoma, na nyumbani watu wakasema kwa chini kwamba lazima nilifeli, kwa sababu aliyefaulu harudi. Niliitundika ile fremu sebuleni kwa baba, mahali ambapo mgeni hawezi kuikwepa.

Kazini nilikabidhiwa kwa Mzee Gwasa. Huyu hakuwa na cheti hata cha ubatizo, lakini alikuwa anaweka kijiti juu ya bomba, ncha ya pili sikioni, kisha anakuambia maji yanavujia hatua ngapi mbele. Mwanzoni nilidhani ananitania. Tukachimba pale aliposema, tukalowa.

Tulipima hivi. Mimi nasimama kwenye darubini yenye miguu mitatu, Mzee Gwasa anasimama mbali na fimbo yenye namba, na ninamwelekeza: panda, shuka, kushoto, hapohapo. Pale anaposimama hapohapo tunapigilia kigingi. Siku hizi mna mashine inayojisomea yenyewe na simu mkononi. Sisi tulikuwa na koo. Na koo langu lilikuwa la binti wa Kiha aliyelelewa vizuri, anayemwinamia mkubwa na kupiga makofi taratibu akisalimia kwa mwakeye, na asiyepaza sauti mlimani kama mchunga ng'ombe. Siku ya kwanza nilimwambia Mzee Gwasa ashuke kidogo. Akabaki amesimama. Nikarudia mara tatu. Mwishowe akalaza fimbo yake, akashuka bondeni, akapanda upande wangu akitweta, akanifikia.

"Mwanangu," akasema, "nimetembea mpaka hapa kukuambia kwamba sikusikii."

Kisha akarudi alikotoka. Ilichukua karibu nusu saa. Alipofika na kuinua fimbo, nilipiga ukelele hata kunguru wakainuka. Baadaye alinifundisha vizuri: sauti ya kazi haitoki kooni, inatoka pale unapofungia mshipi. Ukiitoa kooni itakauka kabla ya saa nne. Ukiitoa kwenye mshipi unafika jioni na bado unaweza kugombana na wenye nyumba. Ndani ya mwaka mmoja nilikuwa nasikika bonde hadi bonde, na watu wa mashambani walinijua kwa sauti kabla ya sura.

Nawaambia haya ili mjue kwamba sauti nilikuwa nayo. Niliipata mapema, nikaipoteza, nikaipata tena ikiwa nyingine. Akikuambia mtu kwamba ukishajipata umejipata moja kwa moja, mwulize ana watoto wangapi.

*

Jeneroza alizaliwa tukiwa kwenye mradi upande wa Kibondo. Kijiji chenyewe sikitaji kwa sababu watu wake wapo na wanajua kusoma. Mume wangu alikuwa mwalimu Kasulu, anakuja mwisho wa wiki, na mimi nilikuwa nimepanga chumba palepale kijijini. Miezi mitatu baada ya kujifungua nilirudi kazini na mtoto mgongoni, kwa kuwa mradi ulikuwa wangu na sikutaka mtu mwingine alaze mabomba yake vibaya.

Mnajua desturi yetu ya kumhemba aliyejifungua, kumpelekea zawadi za hongera nyumbani. Wanawake wa kijiji kile walinihemba kama ndugu. Wa kitongoji cha katikati walileta maharage na unga wa muhogo. Wa kitongoji cha juu, tulichokiita Kilimani, walikuja watu kumi na moja, na kila mmoja ana ndoo ya maji kichwani. Maji matupu. Kiongozi wao alikuwa Mama Bukuru, mama wa mapacha, mwanamke mrefu mwenye ulimi mkali na mkono wazi. Alitua ndoo yake mlangoni kwangu akaniambia kwamba kuku kila mtu anaweza kuleta, lakini maji haya yametoka bondeni kwa saa nzima ya kupanda, kwa hiyo nimwogeshee mtoto bila kupunja. Nilimwogeshea. Na wao walisubiri mradi wangu kuliko kitongoji kingine chochote, kwa kuwa kwenye ramani kulikuwa na bomba moja la Kilimani.

Sasa rudini kwenye darubini. Mtoto mgongoni, sauti ya mshipi, unafikiri itakuwaje? Mara ya kwanza nilipomwambia Mzee Gwasa "panda", Jeneroza aliruka kama amemwagiwa maji, akalia mpaka tukafunga kazi. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu nilivua kitenge cha akiba, nikapanga alama: kitenge juu ni panda, kitenge chini ni shuka, kukinyoosha mkono wa kulia au wa kushoto mnajaza wenyewe, na kukizungusha kichwani ni hapohapo. Mzee Gwasa alicheka mpaka akakaa chini, lakini kazi ikaenda. Waliotuona walidhani tunasherehekea kitu. Hiyo ni mbinu yangu mwenyewe, haimo katika kitabu chochote, na nimewafundisha mafundi saba.

Ubaya wake ni mmoja. Nilizoea. Nilianza kwa kumnyamazia mtoto aliyelala, nikaishia kunyamazia watu walioamka.

*

Maji ya mserereko, kwa wasiojua, hayana injini. Yanatoka kwenye chemchemi mlimani, yanaingia tangini, yanateremka kwa uzito wake mpaka kwenye mabomba ya vitongoji. Yanaweza kushuka bondeni na kupanda tena upande wa pili, lakini hayavuki usawa wa tangi yalikotoka. Maji hayaogopi cheo. Ukiyaamuru yapande zaidi ya hapo, yanakaa chini na kukungoja.

Nilipima Kilimani nikapata kwamba pale panapotakiwa kuwekwa bomba ni juu kuliko tangi kwa mita mbili na nusu. Nikadhani nimekosea. Nikanyonyesha, nikapima tena. Mita mbili na nusu. Nikapima siku iliyofuata kuanzia upande wa pili, jibu lilelile. Niliiandika ile namba kwenye daftari la vipimo, na tone la maziwa likaangukia ukurasa, likaacha duara.

Mhandisi wa mradi, jina lake liachwe lilale, alikuwa mtu wa haraka. Tangi lilikuwa limeshajengwa na zege limekauka. Nilimfungulia daftari nikamwonesha. Akaangalia namba, akaangalia duara, akatabasamu.

"Hii imeandikwa na wewe au na mtoto?"

Waliokuwepo walicheka. Mzee Gwasa hakucheka. Mhandisi akaendelea kwa upole, na upole ndio ulionimaliza: akasema analijua hilo, mke wake pia alipokuwa ananyonyesha alikuwa anasahau sufuria motoni, nisijilaumu, ramani yake inaonesha maji yatafika. Na mimi mwenye stashahada nikawaza kwamba kweli, usiku uliopita nililala jumla ya saa mbili, kwa vipande. Kweli, juzi nilivaa gambuti mbili za mguu wa kushoto. Labda namba nayo ni ya mguu wa kushoto.

Wiki hiyo kulikuwa na mkutano wa kijiji katika darasa la shule. Wanawake wenye watoto wachanga hukaa nyuma karibu na mlango, ili mtoto akilia watoke bila kusumbua. Hakuna aliyeniambia nikae huko. Nilikwenda mwenyewe, fundi wa mradi mzima, nikakaa mkekani mlangoni. Mhandisi alieleza, watu wakauliza. Mama Bukuru akasimama, na hakumwangalia Mhandisi, aliangalia nyuma nilikokuwa mimi. Akauliza kama maji yatafika kwao Kilimani, wajue wanachimba mtaro wa kweli.

Mhandisi akajibu kwamba yatafika. Mama Bukuru akaendelea kunitazama. Jeneroza akaanza kulia. Nikainuka nikatoka nje naye, na nawaambia ukweli mtupu, nilifurahi kwamba amelia.

Walichimba. Kilimani ndio waliomaliza mtaro wao kwanza. Siku ya kufungua, mabomba yote ya chini yalitoa maji, ngoma zikapigwa. La Kilimani lilitoa upepo kidogo, fyuu, likanyamaza. Mhandisi alisema ni hewa, itatoka. Kisha alihamishwa. Mwaka uliofuata na mimi nikahamishiwa Kasulu kumfuata mume wangu. Kabla sijaondoka nilipita Kilimani nikakuta mbuzi amefungwa kwenye bomba. Watoto walikuwa wamelipa jina. Waliliita Mama Jene, jina langu mimi.

*

Kasulu nilizaa wengine wawili, na huko ndiko nilikojifunza mengine, kwa hiyo msidhani nilikaa nalia. Sikuwa na nafasi ya kulia.

Watoto wa miaka miwili na minne wakiwa ndani ya nyumba moja wanakufundisha kuzungumza kifupi. Ukimwambia mtoto wa miaka miwili, "Mwanangu, nilikuwa napendekeza usiweke mkono pale," ameshaungua. Nikaanza kuwaambia mafundi vilevile: shika, kaza, acha. Kazi ikaenda mara mbili. Awali nilikuwa naomba radhi kabla ya kila agizo, kama mtu anayepita mbele ya wazee. Niliacha kuomba radhi nyumbani kwa sababu ya moto, nikasahau kuirudia kazini.

Kwenye umri huo wa watoto ndipo tulipoanza kulaza mabomba meusi ya plastiki, yale yanayokuja yamekunjwa kama nyoka, yanayounganishwa kwa kuyeyushwa. Mafundi wazee waliyadharau. Mimi niliyapenda siku ileile, maana lile la chuma lilihitaji wanaume wanne, na hili nililibeba begani huku nimeshika mtoto mkono mwingine. Mkiyaunganisha, msiwe na pupa ya kuyaachia. Hesabu mpaka upoe moyo wako, halafu hesabu tena. Nusu ya mivujo niliyotibu ni ya watu waliotaka kuwahi chai.

Kisha Jeneroza akafika miaka kumi na minne. Hapo sauti yangu yote haikunisaidia. Ya mshipi alinijibu kwa kufunga mlango. Ya kifupi alinijibu kwa kifupi zaidi. Siku moja, kwa uchovu tu, nilikaa jikoni nikichambua maharage bila kumuuliza chochote. Baada ya robo saa akaanza kuzungumza mwenyewe, na alisema mambo ya miezi sita. Kesho yake nilikwenda kwenye kamati ya maji iliyokuwa haielewani na mtunza bomba wake. Badala ya kuhutubia, niliomba ungo wa maharage. Nilichambua. Kabla sijafika nusu ya ungo walikuwa wameshaniambia nani anafunga maji na kwa nini. Mkubwa wangu akataka kujua nilitumia mbinu gani. Nikamwambia ni ya kitaalamu.

Ndivyo ilivyokuwa. Kila mtoto alipobadilika alininyang'anya sauti moja akanipa nyingine. Lakini ile ya kusema "nilijua" nilikuwa sijaitumia, na kila nilipofungua kabati niliona lile daftari.

*

Jeneroza alipokuwa na miaka kumi na sita, nilipangiwa kusimamia ukarabati wa miradi ya upande wa Kibondo. Orodha ilipokuja, kijiji kile kilikuwa cha kwanza. Nilimwambia mume wangu kwamba ninaumwa. Akanishika paji la uso, akasema ni mzima, nikapakie.

Mhandisi wa safari hii alikuwa kijana mpole, ananiita mama, ana mashine mpya. Alipima Kilimani akarudi ameduwaa: tangi liko chini kwa mita mbili na nusu kasoro sentimita nne. Nikafungua daftari langu kuukuu nikamwonesha duara la maziwa na namba iliyo pembeni yake. Alitazama daftari, akatazama mashine yake, akatazama daftari tena. Mnisamehe, vijana, lakini nitakumbuka sura ile mpaka kufa. Sentimita nne, na mtoto mgongoni.

Dawa yenyewe ilikuwepo. Chemchemi ilikuwa juu kuliko kila kitu. Tungechukua maji kabla hayajafika tangi kubwa, tuyapitishe begani mwa mlima hadi kwenye tangi dogo juu ya Kilimani. Tatizo ni mtaro, mrefu, nusu yake mawe, na mitaro huchimbwa na wananchi kwa msaragambo, kwa kujitolea. Kilimani waligoma. Mwenyekiti aliwaita darasani, darasa lilelile. Walikuja wote bila jembe hata moja. Safari hii nilikaa mbele.

Mama Bukuru alisimama. Alikuwa ameota mvi, ana mjukuu mgongoni, na ulimi haukuwa umezeeka.

"Sisi tulichimba," alisema. "Bukuru na Butoyi walikuwa hawajatembea. Nilichimba na mmoja mgongoni, mwingine amekaa kwenye kifusi, baadaye tunabadilishana. Tukapata pa kufungia mbuzi. Kabla sijashika jembe tena nauliza swali moja. Safari ile, nani alijua?"

Mwenyekiti alianza kusema tuangalie mbele. Mhandisi kijana alinitazama. Hakuna mtoto aliyelia, na mlango ulikuwa mbali.

Nikasimama. "Mimi nilijua," nikasema. "Nilipima mara tatu. Niliambiwa nimekosea, nikakubali. Uliponiuliza, nilitoka nje."

Nikampa lile daftari. Hakujua kusoma namba zangu lakini aliliona duara, akaligusa kwa kidole.

"Hii ni nini?"

"Maziwa."

"Ulijua," akasema taratibu, "na mimi nilikuwa nimekuletea maji ya kumwogeshea mtoto."

"Ndiyo, Mama Bukuru."

Nilingoja matusi, na ningeyapokea. Yeye akakunja kanga yake vizuri, akauliza kama mtu anayeuliza bei ya mihogo.

"Haya. Na leo unajua nini?"

Nikamweleza tangi dogo, bega la mlima, urefu wa mtaro. Sikuomba radhi katikati. Nikamaliza kwa kusema maji yatafika, ninajua, mimi nina stashahada.

Wanawake wa Kilimani walicheka mpaka watoto wakaamka. Sikuelewa kinachochekesha. Mama Bukuru ndiye pekee ambaye hakucheka.

"Iko wapi?"

"Nyumbani Kasulu. Ukutani."

"Ilete. Ikae kwangu. Siku maji yakifika Kilimani, utaichukua. Yasipofika, nitafunikia chungu."

Mwenyekiti akasema haiwezekani, hicho ni cheti cha serikali. Nikamwambia si cha serikali, ni cha maandazi, na nitakileta.

Mume wangu aliponiona naitoa ukutani, nilikoihamishia kutoka kwa baba, alidhani tunahama. Niliifunga katika kitenge, nikaipakata kwenye pikipiki kutoka Kasulu mpaka Kibondo kama mtoto mchanga. Mama Bukuru aliipokea kwa mikono miwili. Nilitegemea ataiweka sebuleni. Akaingia nayo jikoni, akaitundika juu ya mafiga. Nikalalamika. Akaniambia sebuleni inaangaliwa na wageni, ila jikoni yuko mwenyewe mchana kutwa, na yeye ndiye anayetaka kuiangalia.

Kesho yake Kilimani walikuja na majembe.

Nilichimba nao. Nilikuwa nakaribia hamsini, na sikuachia sululu kwenye mawe. Kila jioni nilipita jikoni kwa Mama Bukuru kuangalia mali yangu. Wiki ya kwanza kioo kilikuwa kimepata ukungu. Wiki ya tatu moshi ulikuwa umepenya pembeni ya fremu, karatasi inaanza kupata rangi ya chai.

"Inakolea," Mama Bukuru akaniambia, huku anageuza ugali. "Usiogope. Nyama ikikaa hapo haiozi."

*

Ile fremu sasa iko sebuleni kwangu Nyakitonto, karatasi kahawia, saini ya mkuu wa chuo inaonekana kwa shida. Binti zangu walitaka kuipeleka mjini ikasafishwe. Nimekataa. Atakayeigusa tutakosana.

Basi Jene, jibu lako ni hili, na wengine mlisome kwa juu ya bega lake. Sikuambii upige kelele. Ukiwa na mtoto wa miezi mitano huna hiyo sauti, na usijilazimishe, itarudi. Pengine sasa una sauti ya kitenge. Itumie hiyohiyo. Inua mkono, andika kwenye karatasi uipitishe mbele, mtume wa pembeni yako aseme "Jeneroza ana jibu." Mtoto alie. Mvalishe, mbebe, mnyonyeshe palepale, lakini usikae mlangoni, na namba yako usimwachie mtu aicheke halafu ukamsaidia kucheka. Mtu anaweza kulala kwa vipande na bado akapima sawa. Mimi nina ushahidi kwenye daftari, wenye duara la maziwa yako mwenyewe.

Siku ya maji, Mhandisi kijana alipanda kwenye tangi dogo kufungua. Mteremko ule simu hazikamati, kwa hiyo tulikubaliana kama zamani: mimi nisimame bombani, maji yakitoka nimpigie ukelele asiendelee kufungua, maana akizidisha, maungio mapya yatafumuka. Kilimani nzima ilikuwa pale. Mbuzi alikuwa amefunguliwa. Mama Bukuru alisimama kando yangu, mjukuu mwingine, mchanga kabisa, amelala mgongoni, na ndoo ileile, au nilidhani ni ileile, iko chini ya bomba.

Bomba likapumua. Fyuu. Upepo ule waliujua, na nilisikia mtu nyuma akisonya. Upepo ukaendelea. Ukakatika. Nikaweka kijiti juu ya bomba, ncha ya pili sikioni, kama Mzee Gwasa, Mungu amrehemu. Nilisikia kwa mbali kitu kama mtu anayekuja mbio amevaa ndala.

Bomba likakohoa, likatema tope jekundu kwenye ndoo, likakohoa tena, kisha likaacha kukohoa.

Nilimwangalia yule mtoto mgongoni, uso umelala kwenye kanga, mdomo wazi. Nikashika mshipi wangu.

"Yamefika! Usiongeze! Yamefika!"

Mtoto akashtuka, akaanza kulia kwa nguvu zake zote. Nikanyoosha mkono nimbembeleze, nimwombe radhi Mama Bukuru. Akanizuia kwa kiwiko, macho yake yako kwenye ndoo.

"Mwache alie," akasema. "Wewe rudia. Yule kijana kule juu pengine hakusikia."

Alikuwa amesikia. Nikarudia.